Kuku wa Krismasi na swali la Bi Mkubwa: mwongozo kwa Mkristo anayehamia Bagamoyo

Krismasi yangu ya kwanza Bagamoyo, mwaka 1999, nilipika pilau ya kuku, nikajaza bakuli, nikalifunika kwa kitambaa cheupe na kumpelekea mama mwenye nyumba, Bi Mkubwa. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu. Kesho yake bakuli likarudi na sukari ndani, maana Pwani chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikajiona nimeshaujua mji. Ilinichukua miaka mitatu kusikia kwamba yule kuku aliliwa na paka. Alikuwa amechinjwa na mume wangu nyuma ya nyumba, na Bi Mkubwa hakutaka kunivunja moyo siku ya sikukuu yangu.

Naanza na kuku huyo kwa sababu Wakristo wakiniuliza namna ya kumjibu Mwislamu huwa wanataka niwape aya. Aya zipo, nitazifikia. Lakini kuishi Magomeni ya hapa Bagamoyo miaka yote hii kumenionyesha kwamba swali la dini huku halianzii kwenye jukwaa. Linaanzia jikoni, barazani na msibani, na anayekuuliza huwa ameshakutazama muda mrefu kabla ya kufungua mdomo. Nimeandika kwa ajili ya Mkristo anayekuja Pwani kutoka bara, awe mwalimu, nesi, fundi au mke wa mtu. Mimi ni Mkatoliki wa Mbinga. Mlutheri na Mpentekoste watarekebisha panapohitaji kurekebishwa.

1. Ujue mji uliouingia

Wiki yako ya kwanza nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Utaona magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kisha rudi upande wa pili, uingie misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi hapa mwaka 1868. Hesabu mwenyewe tofauti ya miaka. Ukishaihesabu hutashangaa tena watu wakikuita mgeni hata baada ya kujenga nyumba.

Hapa kuna mawe mawili ambayo watu hurushiana. Mkristo humrushia Mwislamu utumwa: misafara, minyororo, meno ya tembo, yote yakiishia ufukweni hapa. Mwislamu humrushia Mkristo ukoloni: wamisionari waliotangulia na Mjerumani aliyefuata. Kila jiwe lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linaumiza. Ushauri wangu ni kwamba usiokote lolote kati ya hayo.

Na ukitaka sababu, mtazame Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya. Aliletwa hapa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya, tarika (njia ya kisufi) yenye zikri za kumtaja Mungu, na mwaka 1916 Waingereza wakamfanya liwali, yaani mtawala, wa mji huu huu aliouingia akiwa mali ya mtu. Alifariki mwaka 1931, na maulidi yake bado hujaza mji. Wakati huohuo pale misheni mapadre walikuwa wamewakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Kwa hiyo mtoto wa msafara aliweza kuishia kanisani au kuishia kwenye zikri, na kote kuwili akapata jina na heshima. Anayesema utumwa ulikuwa wa Waislamu peke yao akumbuke kwamba Wajerumani, Wakristo wenzetu, waliondoka nchini bila kuufuta. Waliouondoa kisheria Tanganyika ni Waingereza, mwaka 1922.

Kuna jambo jingine ninalolipenda. Vita vya Abushiri, vya watu wa Pwani dhidi ya Wajerumani, vilipowaka mwaka 1888, watu wengi walikimbilia misheni ya Bagamoyo. Misheni ya Pugu ilishambuliwa Januari 1889. Ya Bagamoyo haikuguswa. Wanahistoria watakupa sababu zao. Mimi nadhani miaka ishirini ya kuuguza vidonda vya watu bila kuuliza dini zao si kitu kidogo.

2. Salamu, mavazi na mbwa

Hili ni fupi. Mtu akikupa "Asalaam alaikum", jibu "Waalaikum salaam". Wapo Wakristo wanaonyamaza, au wanaojibu "Bwana asifiwe" kama mtu anayerudisha konde. Maana ya salamu hiyo ni amani iwe juu yenu, nayo ndiyo salamu Yesu aliyowapa wanafunzi wake jioni ya siku ya ufufuko. Ila usiwe wewe wa kuianzisha, kwa sababu wapo wanaoiona ni ya Waislamu wao kwa wao. "Hodi", "Shikamoo" na "Hamjambo hapa" zinatosha, na mtu mzima usipompa shikamoo yake hakuna mahubiri yatakayokuokoa.

Mama, beba mtandio kwenye mkoba. Mwenye mbwa amfunge mchana. Waislamu wengi wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa yanamtia mtu najisi inayotaka kuoshwa kwa utaratibu maalumu kabla ya kusali. Mbwa wako anayemrukia mzee anayekwenda msikitini amemwongezea kazi.

3. Jikoni

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea.

Ukitaka jirani ale kwako, mwombe Mwislamu akuchinjie. Si lazima awe shehe, kijana yeyote wa mtaani anayejua kuchinja atafanya, na atafurahi kuombwa. Mwambie jirani ni nani aliyechinja kabla hajauliza, kwa sababu mstaarabu wa Pwani hatakuuliza. Atapokea, atashukuru, na paka watashiba.

Sufuria iliyopikiwa kitimoto usimwazime jirani hata kama umeisugua kwa majivu na mchanga. Kama unapika kitimoto nyumbani, tenga chombo chake na kisu chake, na usitangaze. Sisemi ufiche kama mwizi, nasema usifanye tambo. Kuna kijana mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa anaanika kamba yenye nyama hiyo dirishani linaloelekea barabarani, akisema yuko huru katika Kristo. Uhuru wake ulikuwa unanuka mtaa mzima.

Wapo watakaokuambia kumwachia Mwislamu achinje ni kujisalimisha. Mabishano hayo yamewahi kumwaga damu. Mwaka 2013 huko Geita mzozo wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Kwa hiyo silichukulii kama jambo la mzaha, na simlaumu mtu wa huko mwenye uchungu. Lakini turudi kwenye Maandiko. Paulo anawaambia Wakorintho wale kila kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Mkristo hana katazo la kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, ilhali jirani yako Mwislamu ana shaka na ya kwako. Mmoja ana mlango wazi, mwingine umefungwa. Ni nani anayeweza kupisha bila kuumia? Ukiwa na kitu unachoweza kumpa mwenzako kisichokugharimu imani wala fedha, ukamnyima, sijui huwa unatetea nini.

4. Ramadhani na Idi

Mwezi huu husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa kuwa unafuata mwandamo. Mwaka 2025 uliangukia wiki moja na Jumatano ya Majivu, na mtaani kwetu kila mtu akawa anafunga, mmoja anaanzia alfajiri, mwingine ameacha nyama. Tulichekana vizuri.

Mambo ya kufanya ni machache. Mchana usikaange vitunguu uani wakati wenzako wana kiu, pikia ndani. Watoto wako wale, ila wasizunguke na andazi mkononi. Ukialikwa futari, fika kabla ya Magharibi, na usiguse kitu hadi adhana isikike. Utapewa tende na uji wa pilipili manga, halafu wenyeji watasali, nawe utasubiri umekaa kimya nyuma au ukumbini. Baada ya hapo ndipo mihogo ya nazi, magimbi, tambi na kaimati vitakapokuja, na utajuta kwa nini ulikula mchana. Usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari au pakiti ya tende ni heshima tosha.

Usifunge kwa kuigiza. Nimewaona Wakristo wanaotangaza kwamba leo "wanafunga na ndugu zao", saa saba wako nyuma ya duka na soda. Funga yako unayo, ni Kwaresima, ifunge sawasawa na watu watakuheshimu kwa hiyo.

Idi ya kuchinja utaletewa nyama. Ipokee. Ni kumbukumbu ya Ibrahimu na mwanawe. Waislamu wengi watakuambia mwana huyo alikuwa Ismaili, nawe umesoma Isaka. Mtoto aliyetumwa na sahani mlangoni si mtu wa kusahihishiwa jambo hilo.

5. Msiba

Bara tumezoea kusubiri. Maiti inakaa mochwari, ndugu wanasafiri kutoka mbali, kamati inakaa. Huku mtu akifa asubuhi, jioni ameshazikwa. Ukisema utapita kesho ukitoka kazini, utakuta watu wamesharudi kutoka makaburini zamani. Ukisikia, nenda saa hiyohiyo.

Mwanamke aende na kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Utakaa na wanawake chini kwenye jamvi, na huendi kaburini, wanaume ndio wanaokwenda. Hakuna mashada ya maua wala kwaya. Kinachohitajika ni mikono: maji, kuni, mchele, kuosha vyombo. Rambirambi mpe anayeandika.

Mume wangu ndiye aliyenieleza ya wanaume. Jeneza hubebwa begani na watu hupokezana njiani, huyu anaingia huyu anatoka, na hakuna aliyewahi kumzuia kutoa bega lake. Wakati wa sala ya maiti yeye husogea pembeni na kusimama kimya. Kaburini hutupa udongo mara tatu kama wengine. Dua ikisomwa huinamisha kichwa na kumwomba Mungu kwa maneno yake mwenyewe. Hasomi Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, asiyoiamini kama sala yake, na hakuna aliyemtaka aisome.

Maneno yawe machache. "Poleni. Mungu awape subira." Kwa Kiswahili chao watasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Sioni Mkristo atakayeshindwa kuitikia amina hapo. Usitoe hukumu ya marehemu ameelekea wapi, na usihubiri. Mtu akitumia msiba wa mwenzake kutafuta mwongofu, amemwibia aliye uchi.

Mwaka 2006 mama mkwe wangu alifia nyumbani kwangu. Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kuingia. Yeye na wanawake wa mtaani walichota maji siku tatu. Siku ya misa wengine walibaki nje chini ya mwembe, nami nilikuwa nimeshajifunza kutolichukulia hilo kama dharau. Usiku wa tatu, watu wamepungua, alinisogelea pale kwenye jamvi.

"Mwalimu," akasema, "nyie mnasema huyu mama atafufuka kwa sababu Isa alifufuka. Sisi tunasema Isa hakuuawa. Hilo wewe unalionaje?"

Tulikuwa tumekaa nyumba moja miaka saba. Hakuwahi kuniuliza chochote kabla ya usiku ule.

6. Soma, tena usome kutoka kwa wenyewe

Nilimjibu, na nitakuambia nilichojibu. Lakini ningeulizwa mwaka 1999 ningeropoka, kwa hiyo hatua hii haina mkato.

Nguzo tano uzijue kwa majina yake: shahada, sala, zaka, funga, hija. Ujue kwamba zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza kiwango na kukaa mwaka, ili usije ukaichanganya na fungu la kumi. Isome Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri ya kwanza kamili kwa lugha yetu, ya mwaka 1923, ilifanywa na padre Mwanglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale, na Waislamu hawakuiamini, jambo lisiloshangaza. Chukua ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, utakuwa unasoma wanachosoma wao pamoja na maelezo ya mwanachuoni wao. Utakuta sura nzima yenye jina la Maryam, ya 19, na utagundua kwamba ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina ndani ya kitabu chote. Utakuta Isa amezaliwa na bikira, anaponya wagonjwa, anaitwa neno litokalo kwa Mungu.

Soma pia Injili yako. Sikejeli. Wakristo wengi tunaoogopa maswali ya Waislamu tunaogopa kwa sababu hatujawahi kusoma Marko yote kwa mkao mmoja.

Na jambo moja dogo la lugha. Dini, imani, dhambi, toba, neema, sadaka, malaika, injili, hata kanisa na msalaba, yote tumeyapata kwa Kiarabu. Ukiyaondoa maneno hayo, mahubiri ya Jumapili yatabaki na "Mungu" na vitenzi vichache. Mtu asikuambie huyu jirani hana cha kukupa.

7. Maswali yenyewe

Utaulizwa mengi, lakini mengi ni matawi ya haya manne.

Mwana wa Mungu. Mwislamu akisikia hivyo anasikia kwamba Mungu alioa, na Sura ya 112 inamwambia Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mwambie kwanza kwamba hayo ya kuoa ni kufuru kwetu pia. Kisha tumia Kiswahili. Tunasema mwanasheria, mwanamaji, mwananchi, na hakuna anayeuliza sheria iliolewa na nani. Mzee mmoja muuza samaki pale sokoni alicheka hadi akaweka kisu chini nilipomwambia hivyo. Lakini usiishie hapo ukadhani umemaliza, maana sisi tunamaanisha zaidi ya mwanasheria. Mpeleke kwenye Neno: neno la mtu hutoka kwake na halitengani naye, na Yohana anaanza Injili yake hapo. Atakataa sehemu inayofuata, kwamba Neno alikuwa Mungu. Sawa. Sasa anakataa kile unachoamini kweli, tofauti na alichodhania, na hiyo ni hatua kubwa.

Msalaba. Hapa ndipo Bi Mkubwa alipokuwa amesimama. Sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Wakristo wengi hukimbilia kubishana ni nani basi aliyetundikwa. Mimi nakushauri ujiulize kwanza kukana huko kunalinda nini. Kunalinda heshima ya nabii: Mungu hawezi kumwacha mtume wake avuliwe nguo na kutemewa mate na wahuni. Ukiliona hilo, utaacha kuongea na adui na kuanza kuongea na mtu anayempenda Isa kwa namna yake.

Nilimwambia hivi: "Bi Mkubwa, naona nyie mnamtetea Isa asiaibishwe. Nawashukuru. Sisi tunasema aibu ile aliichukua mwenyewe, hakuna aliyemshinda. Mimi nimemzika mama yangu jana. Ninachokiamini ni kwamba Mungu ameshaingia humo kaburini kabla yake, kwa hiyo simpeleki mahali asipopajua."

Alikaa kimya. Halafu akasema, "Mh. Sijawahi kuambiwa hivyo." Akainuka kwenda kuangalia chai. Hakusilimu mtu, hakubatizwa mtu. Mpaka leo anasali sala tano.

Biblia imebadilishwa. Jibu kwa utulivu. Zipo nakala za Biblia za karne ya 4, iliyoko Vatican na ile iliyopatikana Sinai, na Mtume Muhammad alizaliwa karibu mwaka 570. Kwa hiyo tunaweza kuona kanisa lilikuwa linasoma nini kabla yake, nayo ndiyo hii. Kiri kwamba nakala za mkono zina tofauti za maneno hapa na pale, tena Biblia nyingi huzitaja chini ya ukurasa. Ukiletewa Injili ya Barnaba, sema kwa upole kwamba nakala yake ya Kiitaliano ni ya karne ya 16. Usijibu kwa kuishambulia Kurani. Kutoboa mtumbwi wa jirani hakuzibi wa kwako.

"Sisi tunamkubali Isa, mbona nyie hamumkubali Muhammad?" Hili ndilo gumu kuliko yote, na atakayekuambia lina jibu jepesi hajawahi kuulizwa na mtu anayempenda. Usimtukane Mtume, hata kwa utani, hata mkiwa Wakristo watupu. Usidanganye pia ukasema unamkubali kama wao, maana atakuuliza basi shahada unaitoa lini. Mimi husema kwamba aliwatoa watu wa Makka kwenye masanamu akawaita kwa Mungu mmoja, na jambo hilo naliheshimu. Husema pia kwamba kwangu neno la mwisho la Mungu ni Yesu, na baada yake singojei jingine. Inaumiza kidogo kuisema na kuisikia. Ikibidi nieleze deni letu, huwataja Waislamu wa kwanza waliokimbia mateso ya Makka wakahifadhiwa na Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Hakuwadai wabatizwe kwanza.

Usilolijua, sema hulijui, umwulize padre au mchungaji, na rudi na jibu. Kurudi ndiko wengi wanakosahau.

8. Mihadhara na vipaza sauti

Tangu miaka ya 1980 nchi hii imekuwa na mihadhara ya wazi, Waislamu wakisoma Biblia uwanjani, Wakristo wakijibu kwa kuisoma Kurani. Zamani zilikuwa kanda za sokoni, sasa ni video za simu. Nimehudhuria minne. Kila upande ulirudi nyumbani umeshinda. Usiende, na usisambaze klipu hizo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, kwa upole na hofu. Uwanjani hakuna aliyeuliza. Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kutangaza dini yake, na sheria inakataza kuitukana ya mwenzake. Hivyo viwili vinakaa pamoja.

Kuhusu spika: kanisa moja jirani lilikuwa limeelekeza zake msikitini, mkesha hadi alfajiri. Tulikwenda watu watatu kumwona mchungaji, hatukuandika barua. Alizigeuza.

9. Mtu akibadili dini

Anayetoka Uislamu kuja kwako akitaka ubatizo, usimkimbize. Kanisani kwetu ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, ni wa muda mrefu, na muda huo una hekima yake. Usimpe ada, mtaji wala chakula kwa sharti hilo. Usimpige picha. Usimfundishe kuwadharau wazazi wake, na msiba ukitokea kwao mwambie aende, abebe jeneza. Kama ana hatari ya kupigwa au kufukuzwa, hilo lijulikane kwa padre na kwa mtu mzima mmoja wa ukoo wake mwenye busara kabla ya siku ya maji, si baada yake.

Upande wa pili ni mgumu zaidi kwangu. Mwaka 2009 mdogo wangu, aliyekuja kukaa nami kusoma, alisilimu ili aolewe. Nilikuwa na aya zangu zote na mwongozo huu wote kichwani. Sikwenda kwenye nikaha. Sikumpigia simu kwa miaka miwili, nikiita ukimya wangu msimamo. Aliyekuja kunichukua ni Bi Mkubwa. Alibisha hodi Jumapili nimetoka misa, amevaa baibui, mkononi ana kanga mpya ya kumbebea mtoto, akasema, "Mwalimu, twende tukamwone mjukuu wangu." Mdogo wangu hakumtaja. Njiani hakunisema hata neno.

Kwa hiyo likikufika: nenda kwenye nikaha, ukae na wanawake, upeleke zawadi. Mwambie ndugu yako mara moja, faraghani, kwamba umeumia na kwamba unamwombea, kisha usirudie kila Idi. Mlango wako asiukute na komeo.

Mdogo wangu ana watoto watatu sasa. Wananiita Mama Mkubwa. Wa mwisho, mwenye miaka sita, majuzi alilala kwangu, akaniona nimekaa kitini na rozari yangu, akauliza kwa nini mimi nasali nimekaa na yule Isa wa ukutani amefanyiwa nini. Nilimpigia mama yake, nikamwuliza kama naweza kumjibu mtoto. Akanyamaza kidogo, nikasikia maji yanamiminwa huko aliko.

"Mjibu," akasema, "ila ningojee, nakuja na mimi nisikie."